Kona ya Masale

Kwa nini Mzee Shemweta alinyamaza siku tatu nzima huku akinishikia kamba ya kupimia njia? Swali hilo nimelibeba tangu miaka ya Ujamaa, na jibu sijalipata.

Nilitoka Chuo Kikuu moja kwa moja hadi milima ya Lushoto, kwenye kijiji kilichoachwa na kiwanda cha mbao. Mashine zilikwisha kung'olewa na miti mikubwa ya mkulo kumalizwa. Zilibaki njia za kuburutia magogo, ambazo wanakijiji walizifuata kwenda gulioni Mlalo. Penye ukingo, ukungu ulipofunguka, tambarare ya Mkomazi ilionekana yote chini ya miguu yako.

Siku ya kwanza, Ofisa Misitu wa Wilaya alinikabidhi dira na vigingi, yaani vijiti vya kuonyesha mstari.

"Njia ya kwenda kwenye kitalu cha miche inyooke," alisema. "Wageni wa mkoa wanakuja. Ukishindwa, utarudi kwenu Singida kuchunga mbuzi."

Njia ya zamani ilizunguka kichaka cha masale. Nilivyosoma mimi, sale ni mmea wa mpaka. Nikahitimisha kuwa hapo palikuwa shamba la mtu, na mashamba ya namna hiyo yalikwisha kuwa ya kijiji. Nikapitisha mstari katikati.

"Bwana Miti anataka tufike Mlalo kabla hatujaondoka!" kibarua mmoja alinitania, wenzake wakacheka. Mzee Shemweta, mnyapara wao, aliyewahi kupasua mbao kiwandani, hakucheka.

Jioni ya siku ya tatu dada yake alipita na mzigo wa kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kesho mnachimba hapa?"

"Ndiyo, mama."

Akautua mzigo. "Basi anzeni miguuni. Baba yetu hakupenda kushtuliwa kichwani."

Nikamgeukia Mzee Shemweta.

"Huku kwetu masale hupandwa mpakani, na makaburini pia," alisema. "Nilidhani msomi unajua."

"Na wewe ungechimba?"

"Ningechimba. Si amri ya serikali?"

Zamani nilijifariji kwamba alikuwa akinipima. Siku hizi nahisi aliniogopa tu, na hilo ni zito zaidi. Jioni ile nilijua jambo moja: vigingi vikihama, huenda nami nikahamishwa.

Kulipopambazuka, kabla vibarua hawajafika, niling'oa vigingi vyote, nikavisimika upya kufuata kona. Kisha nikashuka Lushoto kwa miguu, kumweleza Ofisa mwenyewe.