Sifuri ya Shemeji

Maneno ya watu siyaamini. Jambo nalikubali likiletwa kwa maandishi, na ndugu zangu wamechoka kulisikia hilo. Dada yetu mkubwa alipovunjika nyonga na kulazwa hospitali ya Tosamaganga, tuligawana zamu za kukaa naye. Mdogo wangu aliyeko Mbeya akajitolea kutunza jedwali kwenye kompyuta: kila mmoja amtumie kwa simu saa ya kuingia na saa ya kutoka, kompyuta ijumlishe.

Shemeji yetu, mjane wa ndugu yetu wa kati, ndiye aliyekuwa akilala na mgonjwa. Jedwali lilipofika, mbele yake palikuwa na sifuri tupu, safu nzima.

Mdogo wangu akanipigia. "Kaka, huyu mama hakanyagi hospitali! Jumapili nakuja, nitalisema kwenye kikao cha ukoo."

"Majirani hapa Kihesa humwona akirudi asubuhi, macho mekundu."

"Majirani? Kaka, tangu lini? Si ni wewe unayesema maneno ya watu si ushahidi?"

Lakini mjane akiaibishwa mbele ya ukoo wa mumewe, hana wa kumsimamia, na aibu hiyo haifutiki kwa kuombwa radhi. Nikavaa miwani, nikalisoma jedwali mstari kwa mstari. Kuingia, 12:00. Kutoka, 12:00.

"Hebu nisomee alichokutumia."

"Nimeingia saa kumi na mbili jioni, nimetoka saa kumi na mbili asubuhi."

"Haya, toa."

Akahesabu kwa sauti. "Kumi na mbili toa kumi na mbili… Mama yangu!"

"Jua limezama, likachomoza, nawe huna habari. Andika kwa saa za Kizungu: kumi na nane na sita."

"Nimeandika. Sasa badala ya saa imenijazia alama za reli, ####, kaka."

"Kwa sababu unamtoa kabla hajaingia. Asubuhi hiyo ni ya siku ya pili. Iongezee siku moja."

Akaongeza. Kila usiku ukarudishiwa saa zake kumi na mbili, na shemeji akatupita sote.

Jumapili mdogo wangu alilisoma jedwali mwenyewe, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. Shemeji alimsikiliza hadi mwisho.

"Nasikia kompyuta ilinilaza nyumbani."

"Umesikia kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa watu, shemeji. Siku hizi si nawe unawasikiliza?" Wanawake wakaangua kicheko. Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Zamu yangu ya leo aichukue mhasibu. Aingie saa kumi na mbili, atoke saa kumi na mbili. Hatachoka, ni sifuri tu."

Mdogo wangu alinitazama ili nimtetee. Baridi ya Iringa naifahamu. Nikaenda kumletea blanketi.