Mkandaji wa Mlango wa Pili

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msidhani nimesamehe. Sijasamehe. Skuli sikuimaliza, lakini kukumbuka najua.

Miaka ile ya korona mjukuu wangu, miaka kumi na saba, mcheza mpira, alidungwa sindano ya pili ya chanjo. Mimi pia nilidungwa, nikaumwa na mkono, basi. Yeye siku ya tatu alishika kifua. "Nyanya, kama nimekaliwa hapa."

Kosa la kwanza ni langu. Badala ya kuita tuktuk nilimwita mkandaji wa mlango wa pili, aliyewakanda wanawake wote waliojifungua mtaa huu. Akaja na kichupa chake cha mafuta ya karafuu, akamkandamiza mtoto kifua mpaka akalia.

"Baridi hiyo, shoga. Akapige mbio hadi Makadara arudi, jasho limtoke."

"Hata ngazi zamshinda," nikasema.

"Wamdekeza! Kijana mzima alala kama mzazi aliyejifungua jana!" Akacheka, na wenzake barazani wakacheka.

Mjukuu wangu aliona haya, akavaa viatu, akakimbia. Makadara hakufika. Muuza kahawa alimwokota kando ya njia, midomo imembadilika rangi.

Hospitali, daktari, binti wa bara mwenye sauti ndogo, swali lake la kwanza lilikuwa: amechanjwa lini? Akampima, kisha akaniambia, "Msuli wa moyo umevimba, mama. Chanjo huweza kuleta hivyo, ila ni nadra sana, zaidi kwa vijana wa kiume, na wengi hupona wakipumzika. Lakini miezi hii asikimbie. Kukimbia na moyo huu kungemuua."

Kungemuua. Neno hilo nilirudi nalo nyumbani.

Miezi aliyolala, mkandaji akipita dirishani huuliza, "Mzazi wenu hajatimiza arubaini tu?" Nikafunga dirisha. Nikangoja.

Mjukuu akapona, daktari akamruhusu kurudi uwanjani. Kisha binti yangu akajifungua, na mtaa mzima ulijua nani atamkanda. Nikaleta mkandaji mwengine kutoka Buxton. Kila asubuhi alipita mbele ya mlango wa yule wetu, nami nikampokea kwa sauti isikike hadi njia ya pili: "Karibu, mwenye mikono yake!"

Siku ya saba yule alibisha, kichupa mkononi, macho mekundu.

"Shoga, watu wanicheka. Nimekukosa nini?"

"Piga mbio hadi Makadara urudi," nikamwambia. "Jasho likikutoka tutazungumza."

Nikafunga mlango. Nikawageukia watu wa nyumba yangu, mjukuu, mzazi na wote.

"Atakayeumwa na kifua baada ya sindano, aende hospitali kwanza, mimi aniambie baadaye. Na mikono ya yule isimguse mtu wa nyumba hii. Hata nikifa, asinioshe."