Ufadhili Nilioukataa

Lisemwalo lipo, husema watu. Hili halipo. Si kweli kwamba nilikataa ufadhili wa kiwanda kwa sababu fedha hazikupitia mkononi mwangu. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu mkuu, nami nilifundisha hesabu hadi nikastaafu; nyumba yetu haijawahi kunyoosha mkono kwa mtu. Anayetaka kumsema binti yangu, kwanza amjue.

Tulimwita Bisibisi. Alipokuwa mdogo hakuna redio iliyopona humu ndani. Baba yake aliniuliza, "Mke wangu, tumezaa fundi au mwizi wa skrubu?" Baba huyo alipofariki, binti akaomba mwenyewe ufadhili wa wasichana katika chuo cha ufundi, fani ya umeme wa viwandani, na akaupata. Wavulana darasani waliwaita wasichana hao "wa msaada". Alirudi nyumbani akicheka: "Mama, leo wa msaada ndiye kawasha mota iliyowashinda wenye baba zao."

Kila mfadhiliwa alipewa kufuli jekundu. Alinieleza kazi ya kufuli hilo huku mdomo umejaa chakula: fundi anayeingia kwenye mashine huzima umeme, hufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo hukaa mfukoni mwake.

"Hata mkurugenzi hawezi kuwasha mpaka nitoke."

"Na ukisahau kulitoa?"

"Watanitafuta kwanza, Mama. Ndiyo sheria."

"Meza kwanza ndipo uongee, usije ukapaliwa."

Alipomaliza chuo aliajiriwa kiwandani, na huko hawakumlalamikia hata mara moja. Siku ile alikuwa na fundi mwenzake chini ya mkanda unaobeba magunia. Mwenzake alimaliza upande wake, akatoa kufuli lake, akaenda kula. Msimamizi akakuta kufuli moja limebaki kwenye swichi, na malori yanasubiri mzigo. Mwenzake alikuwa akirudi, akamsikia msimamizi akisema: "La yule wa msaada hili. Kasahau!" Hakuna aliyeinama kuangalia chini. Wakalikata. Mwenzake huyo alipiga kelele, lakini mkanda ulikuwa umeshaanza kwenda.

Hospitalini nilikabidhiwa ovaroli yake. Ufunguo ulikuwa mfukoni.

Baada ya mazishi, meneja wa kiwanda alikaa sebuleni kwangu pamoja na mkuu wa chuo. Akasema kiwanda kitasomesha wasichana wa ufundi kila mwaka kwa jina la binti yangu. Nililia mbele yao, mimi nisiyelia mbele za watu. Ndipo akaongeza:

"Kinachotakiwa, mama, ni familia ikubali tu kwamba marehemu hakufuata taratibu."

"Kufuli lake lilikatwa."

"Marehemu hawezi tena kuadhibiwa. Walio hai wana kazi zao na watoto."

Nikamgeukia mkuu wa chuo. "Wewe ndiye uliyemfundisha. Alikuwa mzembe?"

"Alikuwa bora wao wote," alisema akitazama viatu vyake. "Lakini, Mwalimu, wafikirie hao wanaosubiri."

Niliwafikiria. Hilo ndilo wasemaji wa mtaani hawaliamini. Nilimwona kila msichana akiingia karakana ile kwa jina la mwanangu, na kila msimamizi akimwonya: angalia, usiwe kama yule aliyejiua kwa uzembe. Nikasimama, nikawafungulia mlango. Hawakurudi, na ufadhili haukuja.

Jirani yangu, fundi cherehani, ana binti aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya chuo ya wanaosubiri ufadhili huo. Alinisimamisha barazani kwake.

"Mwalimu, maiti haulizwi sanda. Wako keshakwenda. Wangu yuko hai, anakaa hapa anakata nyuzi. Heshima ya marehemu inamlisha nani?"

Neno lake lilikuwa la kweli mno kwa upande wake. Binti yake huyo hajabadilika. Kila asubuhi, "Shikamoo, Mwalimu," kwa adabu ileile, mkasi mkononi. Afadhali angenitukana.

Nalijua pia neno ambalo Bisibisi angeniambia. Angesema, "Mama, kubali, mwenzangu aende chuo." Angesema hivyo na kucheka. Nami bado nisingekubali. Yeye alikuwa na moyo wa kugawa. Mimi nilibakiwa na jina lake tu, na hilo sikulitoa.

Mnaouliza kama nimewahi kujuta, hilo si lenu. Sitalijibu leo, sitalijibu kesho.