Mzee Aliyekikataa Kimbunga

Enzi za Ujamaa upepo uliziezua nyumba zetu pale Kilosa, tukapanga foleni ofisini kuomba mabati. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja aliyepima mvua kwa kopo kila asubuhi na kufuatilia habari za vimbunga redioni.

“Shikamoo mzee. Kwenye sababu ya hasara nimekuandikia kimbunga, ili mabati yatoke haraka,” karani alimwambia.

“Marahaba.” Mzee akaigonga fomu kwa kidole. “Futa, mwanangu. Kimbunga huzaliwa baharini, huu ulikuwa upepo tu. Nimekingoja maisha yangu yote, siwezi kukisingizia.”

Karani akafuta. Zamu yangu ikafika, nikaandikiwa kimbunga, nikatia sahihi.

Mabati yangu yalitangulia kutoka. Yapo juu ya nyumba hadi leo, na kila mvua inapoanza kudondoka nakisikia kile kidole kikigonga: futa, futa.