Magodoro ya Pareto

Kampuni ile ya mabasi ilipojenga nyumba yake ya wageni Nakuru, haikutafuta kiwanja mbali. Ilijenga pale pale steji, hatua chache kutoka mlangoni kwangu, ikapaka ukuta rangi ya kijani kama ilivyokwisha kupaka Naivasha, Gilgil na Molo. Nyumba zote sawa, madirisha sawa, mablanketi sawa. Abiria akikata tikiti Nairobi alikuwa ameshauziwa na kitanda. Basi linasimama, mlango wa kijani uko wazi, mtu anaingia na mzigo wake bila hata kugeuza shingo. Mimi niko kwangu nimeshika ufagio, nawaangalia wakipita. Sasa hapo utashindana vipi? Uwavute mashati?

Nyumba yangu ilikuwa na vitanda vinane. Nilikuwa mjane, na laiseni ya biashara ilikuwa kwa jina langu mimi. Hiyo laiseni ndiyo iliyoniweka mjini. Siku hizo za mkoloni Mwafrika asiye na kazi wala biashara hakuachwa akae Nakuru hivi hivi. Askari akisoma karatasi yako aone haisemi kitu, unapandishwa lori unarudishwa kwenu. Na kwetu ni wapi? Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, alikuwa amelima shamba letu mpaka kizingitini, na mara mbili alinitumia salamu kwamba kwake kuna nafasi ya mke wa pili. Mimi? Kwa yule mtu anayekoroma akiwa macho? Aka! Heri nizeeke nikifagia Nakuru.

Kitu kimoja tu kampuni ilikuwa haijakiweza: kunguni. Walikuwa kwao na walikuwa kwangu, tusidanganyane. Nikajiambia, nikiwamaliza hawa wadudu, watu watarudi wenyewe.

Rafiki yangu wa kanisani alikuwa akichuma pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, kwenye shamba la mzungu upande wa Molo. Aliniambia katika ghala la kukaushia maua yale huoni hata nzi. Nikamwomba, akaniletea magunia mawili ya takataka za chini ya vitanda vya kukaushia, maua yaliyovunjika na vumbi lake la manjano. Akaniambia, "Nyunyiza kiganja kimoja kwa kila godoro, dada. Kimoja tu."

Kiganja kimoja! Nilimwona mchoyo. Magodoro yangu yalikuwa magunia ya nyasi kavu, kama ya kila mtu. Nilifumua yote manane, nikatoa nusu ya nyasi, nikashindilia pareto mahali pake, nikashona. Nilifanya kazi siku mbili nikiimba, kitambaa nimejifunga puani, na wala sikujiuliza kwa nini nakihitaji hicho kitambaa.

Halafu nikaenda steji. Mdomo wangu unajulikana. "Njooni mlale bila kujikuna!" nikapiga kelele. "Kule mnalipa halafu mnaliwa!" Makondakta walicheka mpaka wakashika tumbo, nami nikaona nimeshashinda.

Wiki hiyo kulikuwa na mkutano wa makanisa. Mhubiri mmoja mzee, mgeni wangu wa miaka mingi, alikuja na wenzake saba. Vitanda vikajaa! Miezi mingapi sikuwa nimeona hivyo? Nilifurahi kama mtoto.

Alfajiri nilikuwa jikoni nakoroga uji nikasikia chafya. Nikasema ni baridi. Ikaja nyingine, chumba cha pili kikajibu, kisha nyumba nzima. Wakatoka mmoja mmoja, macho yamevimba, pua zinatiririka, mmoja amejikuna shingo mpaka imechubuka. Mhubiri alikuja akipapasa ukuta.

"Mama," akasema, "umetufanyia nini?"

Mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nikashika kiuno. "Kuna aliyeumwa na kunguni? Semeni! Yuko wapi?"

Hakuwepo. Kunguni walikuwa wamekufa wote, huo ni ukweli mtupu, na hakuna mtu aliyenishukuru hata kidogo.

Mchana mzee wa watu alisimama kuhubiri akashindwa kumaliza mstari mmoja bila kupiga chafya, na vijana wa kwaya wakaangua kicheko mbele ya wachungaji. Kufikia jioni nyumba yangu iliitwa Kwa Chafya. Keshokutwa yake bwana afya wa manispaa akaja na daftari. Akaweka kidole kwenye godoro, akanusa, akarudi nyuma. Nichome yote, akasema, na ifikapo Jumamosi kila kitanda kiwe na godoro la pamba kutoka dukani, la sivyo laiseni inarudi ofisini. Nilimwambia pareto ni dawa, serikali yenyewe inaiuza ng'ambo. Akaniuliza kama ng'ambo wanailalia.

Nikachoma. Hata moshi wake uliwafungisha majirani madirisha. Nililia, na mtu asiniambie ulikuwa moshi.

Meneja wa kampuni alikuja siku hiyo hiyo, kijana mpole aliyevua kofia mlangoni. Nadhani upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Alisema magodoro manane yanaweza kufika kesho. Nipake nyumba rangi yao, laiseni iandikwe jina lao, nami nibaki hapo hapo kama mtunza nyumba, na karatasi ya kazi nitapewa. Nilimfukuza. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa kanisa hasemi. Akavaa kofia yake, akaacha debe la rangi kizingitini, akaenda.

Nilizunguka maduka yote ya mjini nikibembeleza. Pamba haitolewi kwa maneno matupu. Alhamisi akashuka mtu wa nyumbani na salamu kutoka kwa shemeji: amesikia habari za chafya, pole sana, anakuja Jumamosi kunisaidia kubeba vyombo.

Kunisaidia kubeba vyombo! Ijumaa asubuhi nilifungua lile debe. Sikuajiri mtu. Nilipaka mwenyewe, ukuta wa mbele wote, kwa hasira, mpaka mkono ukafa ganzi.

Magodoro yao yakaja Jumamosi, na wiki iliyofuata wageni walijaa. Tikiti ziliwaleta, kwangu sasa ni kwa kampuni. Mwezi haujaisha, mhubiri naye akashuka basi. Alilala vizuri, akaamka, akakaa kwenye benchi langu akanywa chai niliyoipika mimi, kwa sufuria yangu, maziwa ya mama muuzaji yule yule anayeniletea tangu mume wangu akiwa hai. Akafumba macho kwa utamu.

"Unaona, mama?" akasema. "Ulifanya vizuri kuwaachia watu wanaoijua kazi. Hata chai yenyewe sasa ndiyo chai."

Wallahi nilitaka kuimwaga mapajani mwake. Maneno yalinijaa mdomoni, yote ya kweli, na mlangoni yule meneja kijana wa kampuni alikuwa amesimama na daftari lake akitusikiliza. Mwenye nyumba anaweza kumtukana mgeni. Mtunza nyumba akimtukana mgeni, karatasi yake inachanwa, na lori la kwetu halikosi nafasi.

"Asante, mzee," nikasema, nikamwongezea kikombe.