Tarumbeta la Saa Sita

Katika makumbusho ya reli ya machimbo, ambako wafanyakazi wote wanajitolea, Nerys wa tiketi humtazama mzee mmoja, aliyechimba hapa ujanani, akiipaka grisi injini huku akiinong'oneza, kama mtu anayekamua ng'ombe mkorofi. Kila saa sita mchana tarumbeta la kuonya baruti hupigwa kuwafurahisha wageni, naye mzee hutupa tambara na kukimbilia kibanda cha kujikinga.

"Mzee wee, hapa baruti ilishaisha zamani! Utavunja kiuno bure!" humtania Gwilym, mpiga tarumbeta.

 Leo saa sita mvua ilimkimbiza Nerys kibandani humo humo. Alipotaka kuketi, mzee akaweka kiganja chake cheusi kwa grisi juu ya benchi.

"Keti huku, mwanangu. Hapo nimemwekea Emlyn, mwenzangu wa zamu. Alisema anamalizia kupakia behewa moja tu, anakuja."