Panya Walioshiba na Mzizi wa Mama Mkwe

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mtu mwenye cheo hapa Ifakara. Cheo chenyewe kilikuwa kulisha panya. Mradi mmoja wa utafiti wa dawa za uvimbe ulikuwa umekodi ghala la mchele karibu na stesheni, ghala ambalo kwa miaka yote mwenye nalo alikuwa akitega panya humo na kuwaua bila huruma. Sasa panya waliingizwa mlemle kwa heshima, weupe, wana macho mekundu, wakapewa vizimba, maji safi na chakula kilichopimwa kwenye mizani. Nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kupimiwa chakula kwa uangalifu wa namna hiyo.

Bosi wangu alikuwa daktari kijana aliyesoma Ulaya, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni na imani kubwa katika saa yake ya mkononi. Alinieleza kazi. Panya ananyweshwa dawa kwa mrija, baada ya saa moja anachomwa sindano ya maji ya mwani kwenye mguu wa nyuma, mguu unavimba, kisha tunauzungushia uzi na kuupima uzi huo kwenye rula, kila baada ya saa moja, mara tatu. Dawa nzuri huuzuia mguu usivimbe kama wa wale panya wa kulinganishia, wasiopewa dawa yoyote. Nilimuuliza kwa nini dawa itangulie ugonjwa, maana sijawahi kumwona mtu akinywa dawa ya goti kabla goti halijauma. Akasema hilo ni swali zuri. Baadaye niligundua kwamba msomi akisifia swali lako, jibu usilisubiri.

Nisimwonee, mengine alinifundisha. Alisema dawa ileile, kwa panya walewale, inaweza kuleta jibu jingine ukiitoa mapema au ukichelewa. Hata kuwafanyia majaribio asubuhi, wakati panya ndio wanataka kulala, kuna athari yake. Joto la mabati nalo lina athari, makelele yana athari, na mkono unaowashika una athari, kwa hiyo nikakatazwa kujipaka mafuta ya nazi siku za kazi. Mke wangu alitaka kujua ni lini niliwahi kuacha kujipaka kitu kwa ajili yake.

Kosa langu lilianza na mdomo. Mama yake mke wangu aliishi Masagati, mbele kabisa ya Mlimba, na alijulikana kwa mzizi wake wa kutuliza magoti yaliyovimba. Siku moja nikajisifu kwa daktari kwamba ninyi mnahangaika na panya wakati mama mkwe wangu anatibu watu wazima. Akasema mlete tuupime. Nikapeleka ujumbe, na yule mama akatembea mpaka Mlimba, akapanda treni, akaja na mfuko wa mizizi mapajani safari nzima.

Kwa desturi ya ukwe hatukukaa sehemu moja. Aliongea nami akiwa nyuma ya pazia la mlango.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba, baba. Mzizi huu aliniachia mama yangu. Sikuwahi kuupima popote, naona tu watu wanapona. Lakini nyie mna vipimo. Mkisema haufai, naacha kuwapa watu. Siwezi kumpa mgonjwa kitu kilichokataliwa na wataalamu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Daktari naye alikuwa ameshanieleza kwamba panya waliobaki ni wachache, kwa hiyo kila dawa itapimwa mara moja tu, na ikishindwa faili linafungwa. Hilo sikumwambia mama. Nilikuwa na uhakika mno.

Sheria ilikuwa kwamba panya wasile chochote tangu jioni, wapewe maji tu. Jioni ile nikaondoa chakula kwenye vizimba vyote, mtiifu kabisa. Asubuhi nikiwa najiandaa kwenda kazini roho haikutulia. Tangu utoto wangu kila nesi aliyewahi kunipa kidonge alinionya nisikimeze tumbo likiwa tupu. Sasa leo dawa ya mama mkwe wangu, siku yake ya kupimwa, iingie kwenye matumbo yenye njaa? Iwakoroge, ionekane mbaya? Nikachukua wali uliobaki jana, nikaufunga kwenye karatasi, nikawahi ghalani kabla ya daktari. Niliwapa wale panya wa mzizi peke yao. Panya wa vidonge vya kizungu, ambavyo vilikuwa vinashindana na mzizi wetu, niliwaacha na njaa yao. Sikuona sababu ya kupoteza mchele wa Ifakara kwa wapinzani.

Walikula vizuri sana. Nilifuta punje za mwisho kwa kitambaa, na daktari alipoingia akanikuta nimesimama kama askari.

Saa mbili tukanywesha dawa, saa tatu tukachoma sindano. Saa nne, saa tano, saa sita, uzi na rula. Miguu ya panya wa vidonge ilibaki midogo. Miguu ya panya wetu ilivimba sawasawa na ya wale ambao hawakupewa dawa yoyote.

Daktari aliangalia daftari kwa muda mrefu. "Kuna panya aliyekula asubuhi?" aliuliza. "Tumbo likijaa dawa inachelewa kuingia mwilini."

"Hapana, daktari," nilisema.

Mkataba wangu wa ajira ya kudumu ulikuwa mezani kwake unasubiri sahihi. Akaandika kwamba mzizi hauna nguvu, akafunga faili, akaenda kula.

Saa tisa nilirudi kuosha vizimba. Miguu ya panya wetu ilikuwa imepungua, na ya wale wasiopewa dawa ilikuwa bado imevimba. Nilizungusha uzi mwenyewe, nikarudia, nikarudia tena. Mzizi ulikuwa umefanya kazi yake, ila ulichelewa, na kilichouchelewesha nilikuwa nimekipika mimi. Daktari alikuwa upande wa pili wa uwanja, angesikia kama ningeita. Lakini angeuliza kwa nini mzizi umechelewa, na jibu lilikuwa tumboni mwao. Nikaosha vizimba. Niliviosha kwa bidii ambayo mradi ule haukuwahi kuishuhudia kabla ya siku ile.

Nyumbani nilisimama tena mbele ya pazia nikampa mama majibu. Akauliza kutoka upande wake.

"Walikuwa na njaa wale panya? Mimi huwa nampa mtu alfajiri, kabla hajatia kitu mdomoni."

Kwa muda wote huo sisi wataalamu, mimi na daktari wangu wa Ulaya, hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye mwenyewe dawa yake hutolewa vipi.

"Walikuwa na njaa, mama," nilisema.

"Basi mzizi ndio haufai," alisema. Hakulalamika. Kesho yake akapanda treni, na mfuko akauacha nyuma ya jiko letu.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, tulikwenda Masagati kumsalimia. Mimi nilikuwa nimeshaajiriwa rasmi, na nilivaa shati langu la kazi ili ijulikane. Tukiwa pale akaja mzee mmoja anachechemea, goti limevimba mpaka suruali imebana, akaomba mzizi. Mama akamwambia ameacha, aende zahanati ya Mlimba akaombe vidonge.

"Mkwe wangu yule pale anafanya kazi na wataalamu," alimwambia, na nikasikia fahari katika sauti yake. "Walipima, wakakuta haufai."

Nilimwamkia yule mzee. Akaitikia, akanishukuru sana kwa kuwafumbua macho, akashika fimbo yake, akaanza safari ya Mlimba kwa goti lilelile.